Alama Arobaini na Moja za Lugha ya Ziwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika lakini ameleta kiti chake. Mheshimiwa Diwani, ambaye umefika na kukikalia. Waheshimiwa watemi wastaafu na wana wa watemi. Mapadri, wachungaji na mashehe. Ndugu Mwakilishi wa Wafadhili, popote ulipo tangu wafadhili waondoke. Mameneja wa viwanda vya minofu ya samaki. Wanunuzi binafsi wa pamba mlioingia msimu huu na mizani yenu mipya. Wakulima mliokwisha kuiona mizani hiyo. Manju wa Wagika na manju wa Wagalu, pande zetu mbili za ngoma. Wananchi wa Kisesa na vitongoji vyake. Na mimi mwenyewe, Gidion Masalu, Mwenyekiti wa Kudumu wa Taasisi ya Lugha ya Kompyuta Kanda ya Ziwa: itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemruka, namwomba aendelee kuwa mkubwa hivyo hivyo. (Kicheko. Makofi.)

Kwa salamu yetu ya Kisukuma: mhola? (Mhola duhu.)

Naomba radhi kwa kuhutubia nimeketi. Wiki iliyopita nilikwenda kwa daktari wangu, kijana mwenye adabu sana, akanipima, akanisikiliza kifua, kisha akasema, "Mzee, kama una hotuba ndefu, usiiahirishe hadi mwakani." Nikamjibu kwamba hotuba zangu zote ni ndefu. Akasema, "Basi anza na ile ya muhimu." (Minong'ono ya huruma.) Msinionee huruma, ndugu zangu, mtu aliyekalia viti vya uenyekiti kwa miaka arobaini amekwisha kuzoea kulala chali. Ila mjue kwamba hii ndiyo ya muhimu, na ndani yake mna jambo ambalo sijalitamka katika kikao chochote, semina yoyote wala warsha yoyote, nami nimeliweka mwishoni kwa makusudi, ili msiondoke katikati kama mlivyozoea. (Waliokuwa wamesimama wanakaa.)

Ndugu wananchi, kwa faida ya wageni, na kwa faida ya Diwani ambaye ameniuliza swali hili kila mwaka, naomba nieleze kwa muhtasari mpana Taasisi yetu inafanya nini. Kompyuta ni mtumishi hodari asiyejua kukisia. Ukimwambia mtoto wako "kalete kile," anakuletea. Kompyuta lazima uiamuru neno kwa neno, nayo ina lugha zake za kuamuriwa, ambazo zote zimetungwa ughaibuni na watu wasiojua pamba wala dagaa. Ndipo mwaka 1987, katika mchakato jumuishi, shirikishi na endelevu ulioongozwa nami, ikaanzishwa Taasisi hii ili kuwapa wananchi lugha yao ya kuiamuru mashine kwa Kiswahili, lugha tuliyoipa jina la Lugha ya Ziwa. Leo, mwaka 1994, naweza kutamka kwa kujiamini kwamba asilimia tisini na nane ya wakazi wa Mkolani wanaifahamu Lugha ya Ziwa kwa jina, na asilimia mbili waliobaki hawakuwepo nyumbani mtafiti alipopita. (Makofi kutoka kwa wakazi wa Mkolani.)

Sasa, lugha ya namna hii ina maneno, na ina alama ndogo ambazo wataalamu wanaziita opereta. Jumlisha ni opereta. Toa ni opereta. Zidisha na gawanya, hivyo hivyo. Swali lililoikabili Taasisi kwa miaka saba, swali lililogawa ofisi, likagawa mji, na kwa taarifa za uhakika likagawa ndoa moja kule Buhongwa, ni hili: je, tuongeze alama mpya katika lugha yetu, au hizi zinatosha?

Nakumbuka kikao cha kwanza. Bwana Nestory Ndalahwa, aliyekuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika kabla hajawa Mkurugenzi wetu wa Mipango, alisimama akasema, "Mwenyekiti, mama wa dagaa akishapima debe, anachota kiganja anaongezea. Ile ni nyongeza. Je, alama ya jumlisha inakijua kiganja?" Nikasema haikijui. "Basi lugha yetu ikikosa opereta ya nyongeza, itakuwa lugha ya wageni iliyovaa kanzu ya kuazima." (Upande wa Wagika: makofi.)

Hapo akasimama Bibi Bernadeta Mihayo. Mnamfahamu. Alikuwa anafundisha hesabu sekondari, akaacha kazi yenye nyumba na marupurupu akatufuata sisi, kwa sababu alisikia kwamba kuna lugha inatungwa. Akasema, "Bwana Nestory, neno 'nyongeza' lipo. Liandike. Neno kila mtu analisoma. Alama mpya inabidi umkamate mtu mmoja mmoja umfundishe, na akishafundishwa anajiona bora kuliko jirani yake."

"Neno ni refu," akasema Nestory.

"Refu kuliko hotuba za Mwenyekiti?"

Nilicheka, na kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba Mwenyekiti alitoa mwongozo. (Kicheko.)

Tungemaliza siku ile, ndugu zangu, lakini katika moyo wa uwazi tulikuwa tumemwalika Mama Teodora wa pale soko la Mwaloni kama mtaalamu mwelekezi wa masuala ya dagaa. Mama Teodora, simama wakuone. (Mama Teodora hasimami, ananyoosha mkono.) Yeye aliuliza swali moja lililotugharimu warsha za miaka miwili. Alisema, "Mteja akinunua madebe matatu, hiyo alama yenu inakuja kabla ya kuzidisha au baada? Maana ikitangulia, kila debe lina kiganja chake, vinakuwa vitatu. Ikifuata, ni kiganja kimoja kwa mzigo wote. Kwangu mimi ni kimoja. Anayetaka vitatu akanunue kwa mama yake."

Nestory, ambaye ni mnunuzi mkubwa wa dagaa, akasema bila haya kwamba utamaduni wetu ni viganja vitatu. "Na wewe mwenyewe, Mama Teodora, mwaka juzi uliniwekea vitatu."

"Mwaka juzi ulikuwa hujaoa." (Kicheko kirefu. Bw. Nestory anaangalia viatu vyake. Mkewe pia anaviangalia.)

Hili wataalamu wanaliita suala la utangulizi wa opereta, yaani zikikutana alama mbili mlangoni, ipi iingie kwanza. Na kila alama mpya ikiongezwa lazima ipangiwe nafasi yake katika msafara, kama wageni kwenye meza kuu, na kila ikipewa nafasi kuna nyingine inanuna. Bibi Bernadeta alisema hicho ndicho anachokiogopa. Alitupeleka ufukweni akatuonyesha magugu maji. "Yalipoonekana mara ya kwanza watu walisema ua zuri, la zambarau," akasema. "Wengine walilipeleka nyumbani likapambe karai. Sasa mtumbwi hautoki. Alama mpya ni hivyo hivyo. Ya kwanza inapendeza." Na Nestory, mtu ambaye hakosi jibu hata usingizini, akamwambia, "Na lugha isiyo na alama ni ziwa lisilo na samaki, Bernadeta. Maji safi kabisa, na njaa." Ndugu wananchi, mimi niliwasikiliza wote wawili, nikaona wote wana hoja, na kwa kuwa kiongozi mzuri hawezi kukubaliana na watu wawili wanaopingana isipokuwa kwa awamu, nikaunda kamati.

Kamati iliposhindwa, nikapata wazo ambalo nadhani, bila kujikweza, ndilo litakalotajwa siku watakaponisomea wasifu. Nikasema: sisi Wasukuma tunajua kuamua mambo bila kura na bila hakimu. Wagika na Wagalu wanapiga ngoma saa ile ile, kila upande na uwanja wake, na watu wako huru kwenda wanakotaka, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Kwa nini suala la kitaifa la opereta lisiamuliwe hivyo? Nikawaagiza Nestory aingie na Wagika, Bernadeta aingie na Wagalu, na kila mwaka, sikukuu ya Bulabo, wauze hoja zao kwa umati. Huo, ndugu zangu, ndio utawala bora kabla hata wafadhili hawajautafutia jina. (Makofi, ngoma.)

Lakini mnaijua ngoma. Mwaka huu ukija na kichekesho cha mwaka jana, umati unakuangalia mara moja unaondoka kwenda kununua miwa. Lazima uje na jipya. Mwaka wa kwanza Nestory alikuja na opereta ya nyongeza imechorwa kwenye ngozi ya ngoma, jumlisha yenye mkia, umati ukamjaa. Bernadeta alikuja na ubao na chaki, akaeleza kwa mantiki safi. Waliomsikiliza ni shangazi zake. Wawili kati yao walisinzia.

Mwaka wa pili akawa ameelewa. Alisimama katikati ya uwanja, akaandika alama ya kugawanya kubwa kama mlango, kisha akaifuta kwa kanga yake. Akaleta kapu la michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na watoto wengi, akagawa bila kugawanya: huyu mmoja, huyu mmoja, huyu mmoja, kapu likapungua mpaka likaisha, kila mtoto anatafuna. "Mmeiona kugawanya hapo?" akauliza. Watu walikimbia kutoka kwa Wagika mpaka vumbi likafika barabara kuu. (Upande wa Wagalu: vigelegele.)

Kwa hiyo mwaka uliofuata Nestory akaja na tisa kwa mpigo. Kulikuwa na opereta ya karibu-sawa, iliyochorwa kama wimbi, aliyosema itahitajika siku soko la pamba litakapofunguliwa kwa mizani ya kila aina, na sasa mmeona kwamba alikuwa nabii. (Wakulima: kweli. Wanunuzi binafsi wanatazama juu.) Kulikuwa na opereta ya njoo-kesho, ambayo hesabu ikiifikia inasimama hadi siku inayofuata. Na kulikuwa na opereta ya bila-kumtaja-mtu, inayopunguza tarakimu bila kuonyesha ilikokwenda, ambayo alisema ndiyo iliyoombwa na ofisi nyingi zaidi. (Kicheko kikubwa kwa wananchi. Meza kuu inakunywa maji.)

Bernadeta akajibu kwa kuifuta zidisha. Wachezaji wake wakazidisha kwa miguu, wakijumlisha na kujumlisha mpaka ardhi ikatetemeka. Mwaka mwingine akaifuta toa. Mwaka jana akaifuta jumlisha yenyewe, akabaki na mawe mekundu ya kuhesabia na neno moja, "na jingine," na umati ukawa unaitikia "na jingine" mpaka padri akadhani ni litania. Na kadiri alivyofuta, Nestory aliongeza. Leo tunapokutana hapa, upande mmoja una alama arobaini na moja, na upande wa pili hauna hata moja. Nani tena, katika Afrika hii ya Mashariki na Kati, ameipanua demokrasia mpaka ikafika ncha zote mbili? (Makofi. Mtu mmoja nyuma: Ni wewe, mzee.) Ahsante, kijana, ingawa nakujua, wewe ni mpwa wangu.

Sasa tufike kwenye uzito. Mmesikia kuhusu soko huria na ubinafsishaji. Mashirika yanafungwa, watu wanapunguzwa kazini kama matawi. Sisi nasi tumepigiwa simu kutoka wizarani: Taasisi ambayo haitakuwa imetoa uamuzi juu ya alama kufikia jioni ya leo itatiwa kufuli, na Bibi Bernadeta atakabidhi meza yake Jumatatu. Mimi sina cha kupoteza. Daktari amekwisha kunipunguza kazini. (Kicheko cha wasiwasi.) Lakini asubuhi ya leo binti huyu alikuja kwangu, nikiwa bado kitandani, akasema, "Shikamoo mzee." Nikasema marahaba. Akasema, "Mzee, leo amua. Hata ukiamua kinyume changu, amua tu, ili nikabidhiwe hiyo lugha nianze kazi. Miaka saba ninaigombania, sijaiona. Nimekuwa kama mchumba wa kwenye picha." Niliona chai imenishinda.

Ngoma zimepigwa, mmeona. Wahesabuji wameniletea matokeo. Wagika wana umati mkubwa. Wagalu wana umati mkubwa. Ila umati mkubwa kupita yote ulikuwa katikati, kwa muuza miwa, na kwa mujibu wa kanuni nilizozitunga mwenyewe, mshindi halali wa mjadala wa opereta ni yeye. (Kicheko. Muuza miwa anainua panga lake kwa heshima.) Nimemwuliza kama ana msimamo kuhusu alama. Anasema msimamo wake ni pingili. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo, na ambayo sitakuwa nayo muda mrefu, natumia kura yangu ya turufu, na naitoa kwa Bibi Bernadeta Mihayo. Alama mpya haziongezwi. (Vigelegele kwa Wagalu. Wagika wanapiga ngoma kwa hasira, kisha kwa kuzoea. Bw. Nestory anavuka uwanja, anampa Bi. Bernadeta mkono. Bi. Bernadeta anakuja mbele ya meza kuu: Ahsante sana, mzee. Basi naiomba lugha.)

Keti kwanza, binti yangu.

(Bi. Bernadeta: Nitasimama, mzee. Nimekaa miaka saba.)

Haya. Mwaka ule ule Taasisi ilipoanzishwa, kabla ya kikao chetu cha kwanza, nilipanda treni kwenda Dar es Salaam, daraja la kwanza, na suti mpya, kuichukua Lugha ya Ziwa kutoka makao makuu ilikokuwa ikiandikwa. Mwenzangu wa huko, mtu wa cheo changu na kitambi changu, alinipokea kwa chai na sambusa. Akasema, "Karibu sana mzee, tumewasubiri. Mmekuja nayo?" Nikasema, "Tumekuja kuichukua." Akakoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Akasema, "Sisi tunajua inaandikwa Mwanza." Nikasema, "Na sisi tunajua inaandikwa hapa." Tulikaa hivyo mpaka sambusa zikapoa. Ndugu zangu, watu wawili wazima wenye madereva hawawezi kuagana bila maazimio. Tukaazimia kwamba lugha ipo katika hatua ya kuongezewa alama, kwa sababu kitu kinachoongezewa, nani atauliza kama kipo? Nilirudi nikaitisha kikao, na tangu siku ile niliogopa jambo moja tu: mjadala kuisha. Kila mlipokaribia kuafikiana, niliunda kamati. Mliposhinda kamati, nilileta ngoma.

Kwa hiyo, kwa niaba ya Taasisi, na kwa niaba yangu binafsi, nawashukuru kwa dhati wananchi wote, kwa miaka saba ya kuitetea, kuipinga, kuitungia nyimbo na kuichezea hadharani lugha ambayo haijaandikwa, hapa wala Dar es Salaam, hata mstari mmoja. (Hata muuza miwa ameacha kumenya.)

(Bi. Bernadeta: Hata mstari mmoja?)

Hata alama moja.

(Bw. Nestory: Kwa hiyo mimi na yeye tumegombea kofia ya mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa. Bi. Bernadeta anaketi chini, pale pale vumbini. Mabega yanamtikisika. Bw. Nestory anainama amwangalie, anainuka: Anacheka huyu. Kicheko kinaanza kwa Wagalu, kinavuka kwa Wagika.)

(Bi. Bernadeta, akijifuta macho: Mzee, ungeniambia siku ile uliponiajiri, leo hiyo lugha ingekuwa imeanza shule.)

Ni kweli, binti yangu, na hilo ndilo lililonitoa kitandani. Mengine yote nayaacha, ila miaka yako ni mali yako, nami niliikalia. Lakini sikiliza, maana mimi ni mtu wa utawala hadi mwisho. Upande wako ulidai lugha isiyo na alama hata moja. Upande wako umeshinda. Na lugha tuliyonayo haina alama hata moja. Uamuzi umetolewa kabla ya jioni, kama walivyotaka, na tayari umetekelezwa kwa asilimia mia moja tangu mwaka 1987. Nionyesheni mradi mwingine nchi hii wenye rekodi hiyo. Wakipiga simu tena, waambie hivyo, kwa sauti kama yangu. Jumatatu utaikuta meza yako ilipo. Nenda ukaiandike. Anza na jumlisha, maana mawe yale yalikuwa mazito kuyabeba. Na ukihitaji alama ya pili, usiitishe mkutano.

(Bi. Bernadeta: Na Nestory?)

Mpe kiti. Akileta alama ya tatu, mnyang'anye.

(Mama Teodora, bila kusimama: Kiganja kimoja, binti. Ukiandika vitatu nakufuata ofisini.)

Ndugu wananchi, nimemaliza, na kifua kimekuwa chepesi kuliko alivyokiacha daktari. Lugha ya Ziwa. (Hoyee.) Ipo? (Haipo.) Nani waliijadili vizuri kuliko taifa lolote lenye lugha zilizopo? (Sisi.) Mwenyekiti wa Kudumu? (Hoyee, kwa pande zote mbili.) Msiseme kwa nguvu hivyo, mtanifanya nibaki.

Nestory, shika mkono wa kushoto. Bernadeta, huu wa kulia. Polepole, ngazi ya pili ni mbovu. Haya, ngoma ziendelee.